Uzi: Meli kwenye Diplomacy. Kwa nini zako zinazunguka tu, na namna ya kuzipanga

Nahodha

Wakuu, habari zenu.

Nimekuwa nikiona malalamiko ya aina moja kila wiki: mtu amecheza Diplomacy, amejenga meli nne au tano, mwisho wa mchezo anakuta zimezunguka baharini bila kuteka chochote. Halafu anasema meli hazina faida, bora majeshi ya nchi kavu. Mchezo huu naupenda sana na suala hili linanigusa, kwa hiyo nimeamua kulileta kwa urefu. Mwenye la kuongeza au kusahihisha karibu.

Kwa wageni, kwa ufupi. Diplomacy ilibuniwa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1954. Mwaka 1959 akachapisha nakala 500 kwa pesa yake mwenyewe. Wachezaji saba wanashika dola saba za Ulaya kuanzia mwaka 1901: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Hakuna dadu. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, zote zinasomwa pamoja. Kila jeshi na kila meli ina nguvu moja tu, na nguvu ya ziada inatoka kwa mwenzako au kipande chako kingine kikikuunga mkono. Vituo vya ugavi, yaani maeneo ambayo ukiyashika yanakuwezesha kuwa na majeshi na meli zaidi, viko 34, ukishika 18 umeshinda.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo msingi wa uzi mzima. Ramani ina maeneo 75. Katika hayo, 19 ni bahari. Vituo vyote 34 viko nchi kavu. Baharini hakuna hata kimoja.

Maana yake ni kwamba meli ikiwa katikati ya maji haikuongezei kitu kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka. Hapo ndipo wengi wanapoingiwa na papara. Mwaka una zamu mbili, machipuko kisha vuli. Vuli ikifika, mtu anaona kituo cha pwani kiko wazi, anaivuta meli kutoka baharini aingie bandarini apate kimoja. Amekipata, sawa, lakini ile bahari aliyoiacha ilikuwa barabara yake, na mwakani anakuta mwingine amekaa humo. Kuirudisha kunahitaji meli mbili, wakati kuilinda kulihitaji moja.

Mimi naitazama bahari kama njia, na meli kama daraja ninalolilaza juu ya njia hiyo. Kabla sijaandika amri ya meli yoyote najiuliza: jeshi langu lipi litapita hapa, na lini? Nikikosa jibu, meli hiyo naijua kwamba haina kazi.

Mwendo wenyewe una mitego yake. Meli inaingia baharini na kwenye maeneo ya pwani, bara haigusi. Ikiwa pwani, inahamia pwani ya jirani ikiwa tu ufuko wa maeneo hayo mawili umeungana. Roma na Venice zinapakana kwenye ramani, jeshi linatembea moja kwa moja, lakini meli haiwezi, kwa sababu Roma inatazama Bahari ya Tireni na Venice inatazama Adria. Vivyo hivyo Ankara na Smyrna. Jeshi linavuka kwa hatua moja, meli inabidi izungukie Constantinople. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wakipoteza msimu mzima kwa Ankara na Smyrna.

Halafu kuna maeneo matatu yenye pwani mbili zisizoungana: Hispania, Bulgaria na St Petersburg. Jeshi likiwa humo linashika eneo zima. Meli inashika pwani moja. Meli ya Urusi iliyoanza pwani ya kusini ya St Petersburg inatazama Ghuba ya Bothnia, Finland na Livonia. Norwei na Bahari ya Barents kwake hazipo, wakati wenzake wanaziona hapo hapo kwenye ramani. Na ukiwa Atlantiki ya Kati unataka kuingia Hispania, andika pwani. Usipoiandika meli inabaki pale ilipo, hakuna wa kukukisia.

Nitaendelea na suala la kuvusha majeshi. Maswali kwanza.

Msafiri_2

Mkuu Nahodha, shukrani kwa uzi. Mimi bado mgeni, nina mchezo wangu wa tatu. Nina maswali mawili. La kwanza, meli inapitaje Kiel na Constantinople? Naona zina maji pande mbili lakini hukuzitaja kwenye pwani mbili. La pili, meli yangu ikiwa bandarini, mfano Brest, inaweza kuvusha jeshi?

Nahodha

Msafiri, karibu sana.

Kiel ina mfereji, na Constantinople ina mlango wa bahari. Mfereji wa Kiel ulifunguliwa mwaka 1895, kwa hiyo mwaka 1901 wa mchezo tayari upo. Kwenye ramani hizi mbili zinahesabiwa kuwa na pwani moja. Meli inaingia Kiel kutoka Ghuba ya Heligoland, msimu unaofuata inatokea Baltiki. Ila zingatia kwamba ni lazima isimame ndani. Huwezi kuruka kutoka Bahari Nyeusi hadi Aegea kwa zamu moja, unapiga kituo Constantinople kwanza. Ndiyo maana anayeishika Constantinople ameshika ufunguo wa Bahari Nyeusi. Denmark ni ya namna hiyo hiyo: Baltiki haipakani na Skagerrak wala Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo meli inayotoka Baltiki kwenda nje inapitia Denmark, Uswidi au Kiel.

La pili, hapana. Meli ya bandarini haivushi. Lazima iwe kwenye eneo la maji. Hili nalo linarudi kwenye hoja yangu ya mwanzo: ukiiingiza meli bandarini umelivunja daraja.

Kuvusha kwenyewe ni hivi. Jeshi liko pwani, meli iko baharini kando yake. Jeshi linaandikiwa amri ya kwenda pwani ya mbali, meli inaandikiwa amri ya kulivusha jeshi hilo kutoka pale hadi kule. Ukiwa na meli mbili au tatu kwenye bahari zinazopakana, zinaunganika kama pete za mnyororo na jeshi linapita juu ya zote kwa msimu mmoja. Hapo ndipo uzuri wa meli ulipo. Jeshi la kawaida linatembea hatua moja, jeshi lenye meli tatu mbele yake linaweza kutoka Uingereza hadi Tunis kwa zamu moja tu.

Mfano wa kwanza ambao kila mtu anapaswa kuujua ni wa Uingereza. Machipuko ya 1901, meli ya London inaenda Bahari ya Kaskazini, ya Edinburgh inaenda Bahari ya Norwei, jeshi la Liverpool linaenda Yorkshire. Vuli, meli ya Bahari ya Kaskazini inalivusha jeshi kutoka Yorkshire hadi Norwei, na meli ya Bahari ya Norwei inaliunga mkono kuingia. Mwaka umekwisha, una kituo kipya, una jeshi upande wa pili wa maji, na meli zako zote mbili bado ziko baharini. Linganisha na anayeingiza meli Norwei: kituo kimoja hicho hicho, lakini jeshi bado limekaa nyumbani na bahari moja imeachwa wazi.

Mtembeza Majeshi

Nahodha nakuheshimu lakini hapa nabisha kidogo.

Katika vituo 34, saba viko bara kabisa: Paris, Munich, Vienna, Budapest, Warsaw, Moscow na Serbia. Meli haiwezi kuvigusa maisha yake yote. Jeshi linaweza kufika vyote 34. Sasa mimi nikiwa na nafasi ya kujenga kimoja, kwa nini nijenge kitu ambacho kina milango saba imefungwa?

Tena kuna dola ambazo meli ni mzigo kwao. Austria inaanza na meli moja Trieste. Inaenda Albania, inaingia Ugiriki vuli ikiungwa mkono na jeshi la Serbia, na baada ya hapo kazi yake imekwisha karibu yote. Nimeshinda na Austria bila kujenga meli ya pili hadi mwaka 1906. Na Urusi ukiwa na meli mbili pande mbili za dunia, moja Sevastopol na nyingine St Petersburg, hazitaonana kamwe. Mimi naona watu wanazipenda meli kwa sababu ya macho tu, ramani ina maji mengi.

Nahodha

Mtembeza, hoja yako ina uzito na hesabu yako ni sahihi. Lakini igeuze upande wa pili: vituo 27 kati ya 34 viko pwani. Unahitaji 18. Kwa Austria nakubaliana nawe, kwa Ujerumani nakubaliana nusu. Kwa Uingereza sikubali hata kidogo, maana jeshi lililoko London bila meli ni walinzi wa nyumba tu, halina pa kwenda zaidi ya Wales, Yorkshire na kule juu.

Na sijasema mjenge meli nyingi. Nimesema kila meli iwe na jeshi inalolisubiri. Mtu mwenye meli tano na jeshi moja amejenga madaraja matano ya kupitisha mtu mmoja. Hapo mimi na wewe tuko pamoja.

BintiRamani

Naomba niongeze jambo kabla hamjaenda mbali, kaka zangu. Bahari zote hazilingani thamani. Mgeni akiangalia ramani anaona mabaka ya buluu tu, lakini ukihesabu mipaka unapata picha nyingine.

Bahari ya Kaskazini inapakana na maeneo 11. Sita kati ya hayo ni vituo: Norwei, Denmark, Uholanzi, Ubelgiji, London na Edinburgh. Meli moja ikikaa hapo inaweza kutishia au kuunga mkono vituo sita kwa wakati mmoja bila kusogea. Adui anapoandika amri zake hajui utagusa kipi. Hiyo ni nguvu ambayo haionekani kwenye hesabu ya vituo lakini ipo.

Sasa linganisha na Mediterania ya Mashariki. Inapakana na maeneo manne tu: Aegea, Ionia, Smyrna na Syria. Kuingia huko ni sawa na kuingia uchochoro. Uwe na sababu maalumu.

Upande wa kusini, eneo linaloamua mambo ni Ionia. Mipaka tisa. Uturuki ikikosa Ionia imefungiwa ndani, na Italia ikiipoteza Ionia, Naples na Tunis zinaanza kutikisika siku hiyo hiyo. Na kati ya kaskazini na kusini kuna Atlantiki ya Kati, ambayo ndiyo mlango pekee wa maji kati ya pande hizo mbili. Anayetoka Mediterania na meli akitaka kufika Uingereza lazima apite hapo. Michezo mingi inayoishia sare inaishia kwa sababu mtu amekaa Atlantiki ya Kati akiungwa mkono kila zamu na amekataa kutoka.

Ndiyo maana nikicheza Ufaransa sizungumzi na Uingereza kuhusu Ubelgiji kwanza. Nazungumza kuhusu Mlango wa Uingereza. Kipande kile cha maji kinagusa Brest, London na Ubelgiji kwa pamoja. Tunakubaliana kisiingiwe na yeyote, au tukishindwa kuaminiana tunakubaliana wote wawili tuandike amri ya kuingia machipuko ya 1901, tugongane, kila mmoja abaki alipo. Hakuna aliyepoteza na mlango umebaki mtupu. Uaminifu wa namna hiyo una thamani kuliko neno la mdomo.

Nahodha

BintiRamani, ahsante sana, hiyo ya kugongana kwa makubaliano nilitaka kuisahau. Ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa ya mchezo huu.

Naomba niwape kisa changu, maana ndicho kilichonifundisha kuvusha.

Nilikuwa Italia. Nilifuata mpango ule unaojulikana kwa jina la Lepanto, wa kuipiga Uturuki kwa kuzunguka nyuma yake. Mwaka 1901 meli ya Naples ikaingia Ionia, vuli ikavusha jeshi kutoka Apulia hadi Tunis. Nikapata kituo, nikajenga meli nyingine Naples. Machipuko ya 1902 meli ya kwanza ikasogea Mediterania ya Mashariki, ya pili ikachukua nafasi yake Ionia. Daraja limekamilika: Tunis, Ionia, Mediterania ya Mashariki, halafu Syria au Smyrna. Uturuki haikuwa na kitu huko zaidi ya meli moja Aegea.

Vuli nikaandika amri. Nilianza na Smyrna. Nikaandika meli ya Ionia ivushe jeshi la Tunis hadi Smyrna. Kisha nikafikiri, Smyrna anaweza kuingiza jeshi, bora niteremke Syria ambako hakuna atakayenizuia. Nikaandika jeshi liende Syria, na meli ya Mediterania ya Mashariki ivushe hadi Syria. Amri ya Ionia sikuirudia. Ilikuwa juu kabisa ya karatasi, nilishaiona imeandikwa, jicho likapita.

Amri zikasomwa. Jeshi Tunis kwenda Syria. Meli Mediterania ya Mashariki inavusha Tunis kwenda Syria. Meli Ionia inavusha Tunis kwenda Smyrna. Haziendani. Jeshi likabaki Tunis, na meza nzima sasa inajua ninachotaka kufanya.

Majira ya baridi Uturuki ilikuwa na nafasi ya kujenga. Ikaweka meli Smyrna.

Machipuko ya 1903 nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kujaribu tena kuvusha. Ya pili, kuiacha Ionia iunge mkono meli ya Mediterania ya Mashariki ibaki imara. Nikachagua kuvusha tena, safari hii amri zote tatu nimezikagua mara tatu. Uturuki ikashambulia Mediterania ya Mashariki kutoka Smyrna ikiungwa mkono na Aegea. Mbili kwa moja. Meli inayovusha inajilinda kwa nguvu yake moja tu, haina cha zaidi. Ikang'olewa, na meli ikishang'olewa jeshi lililokuwa linavushwa linabaki lilikotoka. Ionia ingeunga mkono ingekuwa mbili kwa mbili na nisingesogezwa.

Meli yangu ikatakiwa kurudi nyuma. Ionia ina mtu, Aegea ina mtu, Smyrna ndiko alikotokea aliyenishambulia kwa hiyo hairuhusiwi. Ikabaki Syria. Meli yangu ikaingia Syria, mahali pale pale nilipolitaka jeshi, na ikawa haina la kufanya kwa sababu jeshi la Uturuki lilikuwa limeshatoka Ankara na kuingia Smyrna msimu huo huo. Ankara na Smyrna, njia ile ambayo meli haiwezi na jeshi linaweza.

Tangu siku hiyo naandika amri za kuvusha mfululizo, jeshi kwanza kisha meli zake zikifuatana chini yake, na nikibadili mawazo nachana karatasi naanza upya.

Mtembeza Majeshi

Pole sana mkuu. Hiki kisa kimenieleza zaidi kuliko sheria zote.

Swali. Ingekuwa Uturuki imeshambulia kwa meli moja tu bila msaada, je, jeshi lako lingepita?

Nahodha

Lingepita. Shambulio lisilong'oa halivunji uvushaji. Hii watu wanaichanganya na kuunga mkono. Ukishambulia kipande kinachounga mkono, hata kwa nguvu moja na hata ukishindwa kuingia, msaada wake unakatika, isipokuwa shambulio lenyewe likiwa limetoka kwenye eneo ambalo msaada huo unaelekezwa. Lakini anayevusha haachi kuvusha kwa kuguswa tu. Lazima ang'olewe.

Kwa hiyo ukiwa na meli tatu mfululizo na mbili pembeni zikizishikilia, adui anahitaji nguvu nyingi sana kukuvunja. Ila pete moja tu ikikatika, safari yote imekufa.

Na nyongeza kuhusu Hispania. Meli ikiwa Ghuba ya Lyon inafika pwani ya kusini ya Hispania tu, kwa hiyo haiwezi kuunga mkono meli inayoingia pwani ya kaskazini. Msisahau hilo mkitetea Atlantiki.

BintiRamani

Hapo Nahodha umeteleza, samahani. Sheria inasema kipande kinaweza kuunga mkono tukio katika eneo ambalo chenyewe kinaweza kwenda. Meli ya Ghuba ya Lyon inaweza kwenda Hispania, basi inaweza kuunga mkono mtu anayeingia Hispania kwa pwani yoyote. Pwani inabana mwendo wako mwenyewe, haibani msaada unaoutoa. Mimi nilishawahi kunyang'anywa Hispania kwa njia hiyo, meli imeingia kaskazini kutoka Atlantiki ya Kati, msaada umetoka Ghuba ya Lyon, nami nikijiamini kwamba haiwezekani.

Nahodha

Uko sahihi kabisa, nimekosea. Wasomaji chukueni ya BintiRamani, yangu iacheni. Ahsante dada.

Niseme na la ujenzi, kisha niwaachie nafasi. Meli inajengwa majira ya baridi, kwenye kituo chako cha nyumbani kilicho wazi, na mahali unapoijenga panaamua maisha yake yote. Meli iliyozaliwa Berlin inaona Baltiki, Kiel na Prussia, basi. Ya Kiel ina Baltiki na ina Heligoland pia. Italia ikijenga Venice imechagua Adria, ikijenga Naples imechagua Ionia na Tireni.

Mimi huhesabu hatua kuanzia mwisho. Mwaka una mwendo wa aina mbili, machipuko na vuli, na kituo kinabadilika mikono vuli ikiisha tu. Ufaransa inataka Naples? Meli kutoka Brest inapita Atlantiki ya Kati, Mediterania ya Magharibi, Tireni, ndipo Naples: hatua nne, miaka miwili kamili, hiyo ni kama hakuna aliyeizuia. Kutoka Marseilles ni Ghuba ya Lyon, Tireni, Naples: hatua tatu. Na kwa jirani yako Uingereza, meli mpya Brest ni tishio hata kama wewe una nia njema. Meli mpya Marseilles inamwambia kwamba umempa mgongo.

Msafiri_2

Hii imekuja wakati wake, naomba ushauri wa kweli maana mchezo unaendelea na mwisho wa kuandika ni leo usiku. Mimi ni Ufaransa, majira ya baridi ya 1904, naruhusiwa kujenga kimoja. Brest na Marseilles ziko wazi. Nina meli Atlantiki ya Kati, nina meli Hispania pwani ya kusini, majeshi yako Gascony, Burgundy na Piedmont. Uingereza rafiki yangu hadi sasa. Italia ina meli mbili tu, moja Tunis, moja Tireni, majeshi yake mengi yako upande wa Austria. Nataka Tunis. Nilikuwa nataka kuijenga Brest ili iwe ya akiba.

Nahodha

Jenga meli Marseilles.

Halafu lile jeshi la Gascony, ambalo naona umeliweka hapo kwa sababu huna pa kulipeleka, ndilo litakalochukua Tunis. Atlantiki ya Kati inapakana na Gascony na inapakana na Afrika Kaskazini. Meli moja tu inatosha. Machipuko ya 1905 andika jeshi Gascony kwenda Afrika Kaskazini, meli Atlantiki ya Kati ivushe. Meli ya Hispania iingie Mediterania ya Magharibi, ya Marseilles iingie Ghuba ya Lyon. Piedmont abaki.

Vuli, jeshi kutoka Afrika Kaskazini linashambulia Tunis, meli ya Mediterania ya Magharibi inaliunga mkono. Italia itataka Tireni iiunge mkono Tunis, kwa hiyo Ghuba ya Lyon ishambulie Tireni. Haiingii, lakini msaada unakatika. Mbili kwa moja.

Na Uingereza mwandikie mapema kabla ya amri kusomwa, mwambie meli inajengwa Marseilles na kwa nini.

BintiRamani

Nakubaliana na amri zote. Msafiri, tahadhari moja: Italia ikiona meli Marseilles inaweza kuitoa Tunis ikagongane nawe Mediterania ya Magharibi. Ukigonga usikate tamaa, jeshi bado litateremka Afrika maana Atlantiki ya Kati haijaguswa.

Msafiri_2

Wakuu, amri zimesomwa. Imekuwa kama alivyosema dada. Tunis ilijaribu kuingia Mediterania ya Magharibi, tukagongana, wote tumebaki. Lakini jeshi limeteremka Afrika Kaskazini na meli iko Ghuba ya Lyon. Uingereza amenijibu vizuri, ametoa meli yake Mlango wa Uingereza na kuirudisha Bahari ya Kaskazini bila hata kuombwa. Vuli nifanyeje? Nimeshaandika jeshi lishambulie Tunis lakini sioni nani wa kuliunga mkono.

Nahodha

Safi sana kwa Uingereza, mshukuru leo hii.

Vuli hii Tunis iache. Meli ya Hispania iingie tena Mediterania ya Magharibi, na Ghuba ya Lyon iiunge mkono. Hapo una nguvu mbili, Tunis akija na moja anabaki kwake na wewe umeingia. Jeshi la Afrika Kaskazini libaki lilipo, na Atlantiki ya Kati isisogee hata hatua moja, hata ukiona Mlango wa Uingereza uko mtupu. Machipuko ya 1906 jeshi linaingia Tunis, Mediterania ya Magharibi inaliunga mkono, Ghuba ya Lyon inaikata Tireni. Ukishaingia usitoke hadi vuli iishe, ndipo kituo kiandikwe chako.

Amri ya Hispania kaikague tena kabla hujatuma: meli, pwani ya kusini, kwenda Mediterania ya Magharibi. Na Ghuba ya Lyon inaunga mkono safari hiyo hiyo, neno kwa neno.